Mita 14 ndani ya ufa usio na kitu

Jumapili iliyopita kijana mmoja alinitumia picha nne. Ya kwanza maji yanafuka mvuke katikati ya mawe, ya pili jiwe lenye michirizi myeupe na ya njano, mbili za mwisho ni yeye mwenyewe kashika nyundo. Chini kaandika: "Shikamoo mzee. Hapa ni kwenye ufa mkubwa, maji yanachemka. Nina milioni nne. Nianze duara la dhahabu?"

Marahaba. Usianze kuchimba shimo hilo. Milioni zangu 11 zimelala hapo hapo ulipopigia picha, au jirani yake.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza miezi minane ya kubeba sampuli za wajiolojia kule Chunya. Mchana nabeba mifuko, jioni nakaa pembeni ya moto nasikiliza wanavyobishana. Nikajiona nimehitimu. Na walichokisema kilikuwa kweli tupu, ndiyo maana kilinimaliza.

Walisema ganda la dunia likivutwa huku na huku, linakuwa jembamba, joto la chini linasogea karibu, na juu linakatika: kipande kimoja kinashuka, kingine kinabaki kama ukuta. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa hizo kilomita kadhaa, yanapata moto, na njiani yanachukua metali kidogo kidogo kutoka kwenye miamba. Dhahabu ni mkaidi, lakini maji yenye salfa huishika na kusafiri nayo. Maji yakishapata moto yanataka kupanda, na njia iliyo wazi ni ule ule ufa.

Sasa niambie, ungekuwa wewe na umezaliwa Mbeya ungefikiri nini? Nilifikiria Songwe moja kwa moja. Maji yale yana zaidi ya nyuzi 70, yanatoka kwenye nyufa za Bonde la Rukwa, na dhahabu ya Lupa, kule kule Chunya, haiko mbali, upande wa juu wa ukingo. Ufa upo, moto upo, dhahabu jirani. Niliuza bajaji. Shemeji yangu akaongeza milioni tatu za mauzo ya mpunga. Nikamleta na "mtaalamu" mwenye kidude kinacholia. Kililia kila mahali, hata karibu na sufuria ya ugali, na bado nikamlipa laki tatu.

Tulishuka mita 14. Matimba ya kuzuia kuta zisibomoke, kamba, vibarua wanne, chakula. Mawe tuliyoyatoa yalipendeza kweli, meupe yenye mistari. Tukayapeleka karashani yakasagwa, tukaosha. Karai likabaki jeupe kama lilivyokuja.

Mzee mmoja mjiolojia mstaafu ndiye aliyenifungua macho. Alidondoshea jiwe langu asidi kidogo, likatoa povu. "Hii ni chokaa," akasema. "Ni ile ile inayoganda ndani ya birika lako la chai." Pale Songwe maji yanapofika juu yanapoteza gesi ya kaboni, chokaa inaganda, ndiyo travatini inayochongwa na kuuzwa kama marumaru. Nilikuwa nimechimba birika.

Halafu akanipa la pili, lililoniuma zaidi. Mishipa ya dhahabu ya Lupa ina umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Ilijengeka miamba ya kale ilipokuwa inabanwa na kusagana, wakati Bonde la Ufa halijaotwa hata na mtu. Kutanuka kwa Rukwa tunakokuona leo ni kwa juzi tu, takriban miaka milioni 25. Ufa mpya haukuleta dhahabu ile. Kazi unayoweza kuifanya ni kuukata mshipa wa zamani na kuusogeza, ndipo mnaposema mwamba umepotea na kumsingizia mwenye shamba kuwa ni mchawi.

Shemeji hajanisalimia tangu msiba wa baba yake. Mnaosema pesa hutafutwa, sawa.

Lakini wapo ambao kutanuka kumewapa kweli. Nevada, Marekani, dhahabu ya eneo la Carlin iliingia kati ya miaka milioni 42 na 36 iliyopita, ganda lilipoanza kuvutwa. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba karai lisingeiona. Imejificha ndani ya pairiti, madini ya chuma na salfa. New Zealand, kwenye visima vya mvuke vya Ohaaki, miaka ya 1980 walikuta dhahabu na fedha zimeganda kwenye vyuma, pale pale mgandamizo unaposhuka ghafla.

Neno ni hilo: ghafla. Fungua soda iliyotikiswa uone. Maji yakiwa chini yanabanwa. Tetemeko likiupasua ufa, hasa mahali unapopinda au unapokatika na kuendelea pembeni, nafasi inafunguka, maji yanachemka, gesi ya salfa inatoroka, dhahabu inakosa wa kuishika na inaanguka. Kisha kwatzi, lile jiwe gumu jeupe, inaziba, ufa unapasuka tena. Ndiyo maana mshipa mzuri una matabaka.

Kwa hiyo msikimbilie ufa mrefu ulionyooka. Ufa ni barabara, na barabara inaweza kuwa tupu. Tafuteni kona. Tafuteni kwatzi yenye vibao vyembamba vilivyopishana. Hiyo ni alama kwamba maji yalichemka hapo. Pimeni sampuli maabara, aseniki na antimoni pia, maana huandamana na dhahabu, kabla ya kununua hata kamba. Chukueni mawe ya ukuta wa juu na wa chini wa mshipa, msichague linalong'aa. Na pimeni sampuli kwanza! Nasema mara mbili kwa sababu mimi niliambiwa mara moja.

Vijana wa sasa mna simu, mna ramani za jiolojia za bure, halafu mnamwamini mtu wa kidude. Mungu kawapa akili, mnaikodisha kwa laki tatu.

Wewe wa picha nne: nyundo yako ni nzuri. Vunja lile jiwe la pili, usilioshe, weka sarafu ya mia pembeni, nitumie. Na uligeuze upande ule wa njano.