Kwa vikundi vinavyotaka kuigiza kichekesho cha pesa za haraka

Vikundi vya sanaa vinavyonitafuta huja na ombi moja: wanataka kichekesho cha upatu, ule wa kitapeli wa pesa za haraka, kwa kuwa watu mtaani wamechoka kulizwa. Ni wazo zuri, na linahitajika. Lakini nikifungua mswada nakuta anayelizwa ni zuzu: suruali imefungwa kwa kamba, mdomo wazi, hajui hata kuhesabu. Watazamaji wanavunjika mbavu, kisha wanarudi nyumbani wakiwa na uhakika kwamba wao si kama yule. Kesho yake mtu anawatumia ujumbe wa “wekeza laki upate tatu”, nao wanatuma.

Nimeongoza michezo ya namna hii na ushauri wangu mkubwa ni huu: mfanyeni mtazamaji azitamani zile pesa yeye mwenyewe, walau kwa robo saa. Asipozitamani, mmemwonesha matatizo ya jirani tu.

Aliyenifundisha hilo ni Mwingereza Ben Jonson, kwa mchezo wake The Alchemist wa mwaka 1610. Vijana wangu tuliwasimulia kisa chake kwa Kiswahili, wakakiigiza mazoezini. London imeingiwa na tauni. Mwenye nyumba, Lovewit, amekimbilia shamba, na mtumishi wake Face amewaingiza ndani matapeli wawili, Subtle na Dol. Wanatangaza kwamba wako karibu kupata jiwe la kugeuza chuma kuwa dhahabu. Tazameni wanaobisha hodi: karani anayetaka jini la kumsaidia kwenye kamari, muuza tumbaku anayeuliza mlango wa duka aelekeze wapi ili wateja waje, watu wa dini wanaotafuta fedha za kuendeleza kundi lao, na bwana mkubwa Mammon ambaye keshapanga kuponya wagonjwa wote wa tauni na kuwarudishia wazee ujana. Hakuna zuzu pale. Kila mmoja ana haja inayoeleweka, na Subtle anamuuzia kila mmoja haja yake mwenyewe.

Kwetu hilo tunalijua. DECI, taasisi ya upatu iliyofungwa Tanzania mwaka 2009, haikuwaambia watu waje kucheza bahati nasibu. Iliwaambia wapande na wavune, maneno ambayo muumini anayasikia kanisani na mkulima anaishi nayo. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake wanne, na walikuwa wachungaji. Kwa hiyo mkiandika maneno ya tapeli wenu, msimpe lugha ya kitapeli. Mpeni lugha ya mtu anayeaminika kijiweni, kwenye kikoba, msibani.

Halafu onesheni malipo ya kwanza. Upatu unasimama kwa sababu wa mwanzo wanalipwa kweli, kwa fedha za waliokuja nyuma yao, na wenyewe ndio wanaowaita ndugu zao. Vikundi vingi huruka hapa kuwahi kilio. Msiruke. Mimi humweka mama mmoja mbele kabisa ya jukwaa, anapokea bahasha, anazihesabu noti moja moja. Hakuna muziki, hakuna mtu anayesema. Anafika kumi, anafika ishirini, na safu za mbele huanza kuhesabu pamoja naye kwa sauti. Akimaliza anazikunja, anazifunga kwenye pindo la khanga, anasema, “Nimpigie dada.” Usiku mmoja kijana mmoja nyuma alipaza sauti, “Na mimi niandikeni!” Hakuwa anatania. Kuanzia hapo ukumbi mzima ulikuwa ndani ya upatu, na kila kicheko kilichofuata kilikuwa na uzito.

Mashine yenyewe msiioneshe. Fundi wetu alitaka kutengeneza tanuri lenye moshi na taa nyekundu, nikamkatalia. Kwa Jonson tanuri liko nyuma ya mlango, sisi tunaona tu watu wanaotoka wakifuta jasho na kudai mkaa zaidi. Siku ya kudaiwa, mlipuko unasikika ndani, kazi yote imepotea, na Mammon anaambiwa tamaa zake kwa mwanamke ndizo zilizoharibu. Hapo mpeni mwigizaji nafasi kubwa. Mteja ndiye anayebebeshwa lawama, na anaikubali! Leo ataambiwa mfumo uko kwenye matengenezo, au hakuleta watu wa kutosha chini yake.

Msimsahau msema kweli. Kwa Jonson ni Surly, anayegundua kila kitu na kukisema waziwazi, na wanaomfukuza ni wateja wenyewe. Aliyewahi kumwonya shangazi yake kuhusu upatu anamjua Surly vizuri.

Kuhusu mwisho, mtagombana na wafadhili. Wao hupenda polisi aingie, tapeli avishwe pingu, mtu asimame mbele atoe ujumbe. Kataeni kwa heshima. Lovewit anaporudi, matapeli wawili wanatoroka mikono mitupu, mali inabaki kwake, na Mammon anapoidai anaambiwa alete hati ya mahakama inayothibitisha kwamba alijitapeli mwenyewe. Anaona heri aikose. Aibu ndiyo inayowanyamazisha watu, na kesi nyingi hazifiki kituoni kwa sababu hiyo. Mwacheni huyo mtu jukwaani na aibu yake, zimeni taa. Kisha wekeni viti, mkae na watazamaji, mnyamaze kidogo. Wataanza wenyewe kusimulia, na kwa kawaida wa kwanza huanza na “kuna rafiki yangu mmoja…” Msimkatize, wala msimuulize huyo rafiki ni nani.