Wiki nzito kabla ya kilomita 226

Hesabu za Ironman, shindano la michezo mitatu mfululizo kwa siku moja, ni zilezile popote: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kukimbia 42.2. Mtu aliyejiandaa miezi sita huwa na miguu ya kuzibeba wiki mbili nzito za mwisho. Kinachomwangusha kwa kawaida ni tumbo, ngozi ya makalio na usingizi, na vyote vitatu havionekani kwenye ratiba aliyoibandika ukutani.

Kalenda kwanza. Hesabu kutoka siku ya shindano kurudi nyuma. Wiki tatu za mwisho ni za kupunguza mazoezi, wala usizijadili. Ya nne kutoka mwisho ndiyo kilele, ya tano ni nzito kasoro kidogo, na ya sita iwe nyepesi makusudi, ili uingie kwenye mzigo ukiwa mzima. Kwa shindano la Nelson Mandela Bay, Afrika Kusini, ambalo huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, wiki hizo nzito zinakuja Februari na Machi. Pwani yetu hicho ni kipindi cha joto la kaskazi, na kwa miaka hii Ramadhani nayo imo humo humo. Anayefunga asijidanganye kwamba atafidia usiku baada ya futari. Ni heri achague shindano la mwisho wa mwaka.

Kama mwili umezoea masaa 11 au 12 kwa wiki, wiki nzito ya kwanza iwe masaa 15, ya kilele 17, kisha ushuke hadi 9 au 10. Masaa 17 yanaweza kukaa hivi. Jumatatu ogelea saa moja, taratibu. Jumanne baiskeli saa moja na nusu, ndani yake vipande vitatu vya dakika 15 kwa kasi ya shindano, ukishuka unakimbia nusu saa. Jumatano kuogelea saa moja na robo asubuhi, kukimbia saa moja na robo jioni. Alhamisi baiskeli masaa mawili na nusu, mwendo wa kupiga soga. Ijumaa kuogelea saa moja na nusu. Jumamosi baiskeli masaa matano na kukimbia nusu saa papo hapo. Jumapili kukimbia masaa mawili, basi.

Angalia kwamba kukimbia ni masaa manne na robo tu, wakati baiskeli ni tisa. Masaa ya ziada yaende kwenye baiskeli na majini, kwa sababu huko hakuna kishindo cha mguu kugonga lami. Anayeongeza mbio kutoka masaa matatu hadi sita ndani ya wiki moja huishia na muundi unaouma au kano ya kisigino iliyovimba, na vitu hivyo haviponi ndani ya wiki tatu. Ukikosa siku, imekwenda. Usiirundike juu ya kesho. Ukilazimika kukata, kata Alhamisi. Jumamosi usiiguse.

Jumamosi ndiyo wiki yenyewe. Nairobi wengi hushuka barabara ya Magadi, kilomita kama 110 kutoka mjini, na mtego wake unajulikana: unateremka zaidi ya mita elfu moja alfajiri ukiwa na baridi na furaha, halafu unarudi kupanda saa sita mchana kwenye joto la bonde, maji yameisha. Aliye peke yake ageuze Olorgesailie, kabla ya kufika Magadi, au awe na gari la kumfuata. Pwani, uwe barabarani saa kumi na moja alfajiri, taa mbele na nyuma, ili saa nne uwe umemaliza kabla jua halijakaa utosini.

Sasa chakula cha njiani, maana hapa ndipo siku huharibika. Utumbo hupitisha glukosi kama gramu 60 kwa saa. Fruktosi, sukari ya matunda, hupita mlango mwingine, kwa hiyo ukizichanganya unaweza kufika gramu 90. Sukari ya kawaida ya mezani ni nusu kwa nusu ya hizo mbili, hivyo huhitaji kununua jeli za sukari za bei mbaya kwa kila zoezi. Chupa ya mililita 750: vijiko vitano vya mezani vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu (gramu 60 hivi), robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja, tikisa mpaka usisikie chenga chini. Chupa moja kwa saa, na ndizi mbivu moja juu yake inakufikisha gramu 85. Kwa masaa matano hiyo ni gramu 300 za sukari kwenye chupa peke yake. Inatisha ukiiona ndani ya bakuli, lakini ndiyo kazi inavyokwenda.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuanza kula saa ya pili, njaa ikishafika. Anza dakika ya 20 na usiruke. La pili ni kutia vijiko kumi kwenye chupa ileile ili kupunguza mzigo. Sukari nzito hivyo hukaa tumboni na kuvuta maji kutoka mwilini, ukasikia tumbo linacheza kama mtungi uliojaa nusu, kichefuchefu kikafuata. Ukibanwa hivyo, punguza mwendo, kunywa maji matupu kwa dakika 20, ndipo urudi kwenye chupa. Na tumbo huzoezwa: anza na gramu 60 wiki ya tano, panda hadi 80 au 90 wiki ya kilele. Siku ya shindano si siku ya kujaribu kitu.

Nyumbani, mtu wa kilo 70 anahitaji wanga kama gramu 600 kwa siku katika wiki hizi. Wali uliopikwa una gramu 28 hivi katika kila gramu 100, kwa hiyo ukitegemea wali mtupu ni zaidi ya kilo mbili za sahani. Ndiyo sababu uji wenye sukari, chapati, tende, viazi vitamu na juisi ya miwa lazima viingie kati ya milo. Ijumaa jioni acha maharage na sukuma. Utayala Jumapili kwa raha zako.

Jasho lipime, usilikisie. Jipime uzito bila nguo, endesha saa moja, jifute, jipime tena. Ukitoka kilo 70.0 ukarudi 69.1 na ulikunywa nusu lita, umetoa lita 1.4. Huna haja ya kurudisha yote. Robo tatu inatosha. Hatari iko upande wa pili pia: anayerudi mzito kuliko alivyoondoka amekunywa kupita kiasi, sodiamu ya damu inashuka, kichwa kinauma, vidole vinavimba, na hali ikizidi ni ya hospitali. Na usimeze ibuprofeni wala diklofenaki ili umalize zoezi. Mwili uliokaukiwa maji ukiongezewa dawa hizo, figo ndizo zinazolipa. Mkojo ukitoka rangi ya kola, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ngozi. Kaptura ya baiskeli huvaliwa bila chupi, maana mshono wa chupi ndio unaokata. Paka mafuta ya mgando mapajani na pale unapokalia, na ukishuka ivue ndani ya dakika kumi, oga, jikaushe. Jipu huanzia kwenye shina la unywele lililosuguliwa likiwa limelowa, na kukaa na kaptura mbichi ukinywa chai na wenzako ni kulilea. Kikishatokea kipele, usikikamue. Badilisha siku moja ya baiskeli iwe ya kuogelea.

Kwa wa pwani, kuogelea kwa Ijumaa kunafuata maji, si saa ya ofisi. Bamvua (maji makubwa) likivuta, ndani ya mwamba hubaki maji ya magotini, na mkondo wa mlango wa mwamba huweza kukutoa nje. Chagua siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, au ingia maji yakikaribia kujaa, na boya la rangi kali kiunoni. Anayekwenda Afrika Kusini azoee mapema suti ya mpira ya kuogelea (wetsuit). Huko bahari ni baridi, na suti inabana kifua kiasi kwamba asiyeizoea hudhani anazama.

Usingizi ukianza kukatika saa tisa usiku huku umechoka, hiyo ni dalili ya kwanza. Pima mapigo ya moyo kabla ya kuinuka kitandani. Yakipanda saba hadi kumi juu ya kawaida yako asubuhi mbili mfululizo, siku hiyo ni ya kupumzika. Kuna nyingine inayowachanganya watu: barabarani unakanyaga kwa nguvu ila mapigo hayapandi, na wenye saa za mkononi hufurahi wakidhani wameimarika. Huo ni uchovu. Hata Jumamosi linganisha saa ya pili na ya tano kwa kasi ileile: mapigo yakitoka 132 hadi 146, tafuta kosa kwenye maji au sukari kabla ya kulaumu mazoezi. Ila viungo vikiuma na baridi ikakushika kitandani, usiseme ni mazoezi tu. Pima malaria.

Kilele kikiisha, ipime cheni. Kipimo cha cheni kikiingia alama ya 0.5, yaani imerefuka asilimia 0.5, badilisha wiki hiyohiyo, na tairi lenye mkato libadilishwe pia, ili uendeshe walau kilomita 100 navyo kabla baiskeli haijaingia kwenye boksi. Cheni mpya juu ya gia zilizolika huruka meno ukikanyaga mlimani, na ni vizuri uligundue hilo ukiwa bado karibu na fundi wako.