Stockfish ni ya bure, na laptopu yako inatosha

Mdogo wangu uliyeuliza kama Stockfish, programu ya kucheza sataranji (chess), ni ya bure kweli na kama laptopu ya zamani itaiweza: yote mawili, ndiyo. Leseni yake ni GPL, ya programu huria. Unaipakua, unasoma msimbo wake, unaubadilisha ukitaka. Mimi naitumia hapa Nkuhungu kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4, na hunifunga kila siku.

Ilianza 2008, Marco Costalba wa Italia alipoichukua Glaurung, programu ya Tord Romstad wa Norway. Jina lake ni la samaki mkavu wa Norway anayependwa Italia.

Ila uhai wake uko Fishtest, mfumo wa mtandaoni wa kuijaribu, ulioanza 2013. Ukileta badiliko, hata la mstari mmoja, toleo lako linachezeshwa na la zamani maelfu ya michezo kwenye kompyuta za watu waliojitolea, mpaka hesabu ioneshe kama linaongeza nguvu. Mengi hukataliwa, hata ya wakongwe. Napenda sana haki hiyo! Usiku naiachia laptopu yangu ifanye kazi hiyo, feni inanguruma hadi alfajiri.

Mwaka 2020 wakaingiza NNUE, mtandao wa nyuroni (programu iliyofunzwa kukadiria nani yuko vizuri ubaoni) uliobuniwa kwa ajili ya shogi, sataranji ya Wajapani. Unakwenda kwenye prosesa ya kawaida, huhitaji kadi ya michoro ya bei mbaya.

Angalizo: ukiifungua yenyewe utaona dirisha jeusi lenye maandishi tu. Pakua pia Cute Chess, ndiyo itakayokupa ubao na kete.