Jibu: Kaseti ya njano ya Nakuru, je, ndiyo ile ya dhahabu?

Ndugu, umeuliza kama kaseti ya njano ya mchezo wa video uliyoikuta kwenye sanduku la mjomba wako huko Nakuru ndiyo ile ya dhahabu inayouzwa mamilioni. Kwa maelezo yako, siyo. Za Nintendo World Championships, mashindano ya mwaka 1990 ya Nintendo, kampuni ya michezo ya video, zilitolewa 26 tu za rangi ya dhahabu, zawadi za shindano la jarida la Nintendo Power. Za kijivu zilikuwa 90, wakapewa waliofika fainali. Usoni zina swichi ndogondogo zinazoonekana wazi. Yako hujazitaja.

Sisi huku Kisumu tulikua na hizo za njano. Hesabu meno ya shaba pale chini, pande zote mbili: ukipata 30 kila upande, ni ya aina ya Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani, ambayo ndiyo TV game zetu nyingi zilitumia. Za NES, toleo la Marekani la mashine hiyo, zina 72 kwa jumla. Kisha ifungue taratibu. Ukiona tone jeusi la gundi iliyokauka juu ya bodi, badala ya chipu yenye maandishi, mara nyingi hiyo ni nakala, na mkusanyaji wa ng'ambo hatakupa bei ya maana.

Lakini usiitupe, tafadhali! Safisha meno kwa pamba yenye spiriti, na usipulize kwa mdomo, maana mate huleta kutu. Kama sandukuni kuna za kijivu zenye lebo safi, weka picha hapa, mbele na nyuma, tuzitazame.