Sanamu za barabarani nani anaziangalia?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Siku hizi naona sanamu kubwa za kisasa zinawekwa kando ya barabara kuu, tena zile zenye magari mengi balaa. Sasa nani anaziangalia na watu wako spidi? Si zingepelekwa makumbusho watu wakazitazama kwa utulivu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Makumbusho anaenda anayetaka, barabarani anapita kila mtu, dereva wa lori, abiria aliyesinzia dirishani, hata yule ambaye hajawahi kukanyaga maonyesho ya sanaa maishani mwake, na ndo maana mi napenda sana zikiwekwa huko. Ila sharti itengenezwe kwa ajili ya barabara. Piga hesabu, gari likiwa spidi 100 linakata kama mita 28 kwa sekunde, yaani sekunde 5 tu ushaacha mita 140 nyuma, sasa ukiweka nakshi ndogo ndogo nani ataziona, na dereva akikazana kuziona ndo ajali hiyo. Inatakiwa umbo moja, kubwa, unalielewa toka mbali.

Angalia sanamu ya Angel of the North, yaani Malaika wa Kaskazini, ya mchongaji Antony Gormley, iko Gateshead, Uingereza, kando ya barabara ya A1, ilisimamishwa 1998. Kwenda juu mita 20, mabawa ncha hadi ncha mita 54, chuma kama tani 200. Haina macho wala mdomo! Mtu mwenye mabawa, basi. Ukisogea karibu ndo unaona mbavu za chuma zimepita kwa nje, toka miguuni mpaka mabawani, na si urembo zile, ndo zinabeba nguvu ya upepo maana pale kilimani unavuma kweli kweli, na chini kuna nguzo za zege zimezama kama mita 20 kushika mwamba. Rangi hawajapaka, chuma chake kina shaba kidogo, kinashika kutu juu juu halafu kutu yenyewe inakuwa ganda la kukilinda.

Na wasiwasi wako hata wao walikuwa nao, kabla haijajengwa watu waliipinga mno, wengine wakisema itawachanganya madereva. Leo ndo alama ya eneo lile.

Kwa hiyo kama huko kwenu wanapanga kuweka, ulizeni mapema pa kupaki pako wapi na njia ya mguu inapita wapi, maana pale Gateshead anayetaka utulivu unaousema anapaki gari, anatembea mpaka miguuni pake na kuigusa, bila kiingilio.