Kadi moja ya kamera harusi nzima? Thubutu!

Mkuu, umeomba ushauri wa vifaa vya kupigia picha za harusi kwa milioni mbili na nusu. Lenzi na flashi, yaani taa ya kamera, tutazifikia. Mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho, ule wa kadi ya kuhifadhia picha: "Kadi nimeshapata Kariakoo, GB 256 kwa 25,000, hiyo moja itatosha harusi nzima." Nimeusoma mara mbili, tumbo likanikata.

Mwaka 2019 nilipita njia hiyohiyo. Kamera ya Canon 6D ya mtumba, harusi ya kwanza ya kulipwa, laki sita, nusu nimeshapewa. Kadi imeandikwa GB 128. Kompyuta ikaonyesha 119 na ushee, ambayo ndiyo hesabu ya kawaida ya kadi ya 128. Nikaifomati ndani ya kamera, ikakubali. Kumbe ndani kulikuwa na GB 8 tu. Hawa jamaa hawaishii kwenye lebo, wanachezea mpaka ile chipu inayoiongoza kadi ili itangaze nafasi ambayo haipo. Zile 8 za kweli zikijaa, kadi haigomi wala hailalamiki. Inaendelea kuandika majina ya mafaili, picha zenyewe zinapotelea hewani.

Utasema ungegundua kwenye kioo cha kamera. Nilikuwa naziona! Picha inayotokea pale ukishabofya tu kwa kawaida inatoka kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe, haijasomwa kutoka kwenye kadi. Siku nzima naangalia, natabasamu, nawaambia wakwe "imetoka safi".

6D kwa RAW, yaani picha ghafi, inakula kama MB 25 kila picha, kwa hiyo GB 8 ni picha 300 na kitu. Zangu ziliishia saluni na mlangoni mwa kanisa. Pete, viapo, ndafu, bibi aliyeletwa kutoka Rombo akicheza na mjukuu wake: mafaili yapo, hayafunguki. Nilikesha na programu ya PhotoRec. Ile inafukua kilichofutwa, haifukui kisichowahi kuandikwa. Nikarudisha laki tatu, nikalipia upya saluni na gauni ili maharusi wapigwe tena, nikazunguka kuomba wageni picha za simu, zile zilizokwisha kubanwa na WhatsApp. Mama wa bibi harusi hata hakunifokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwani siku ile ulikuwa unafanya nini?" Nyumbani mpaka leo naitwa mpiga picha wa asubuhi.

Na yule kaka aliyenifundisha kazi, Mungu anamwona. "Kadi ni kadi tu, zote zinatoka China." Mwenyewe ana kamera mbili shingoni na kadi kumi mkobani! Walimu wa YouTube nao, dakika 40 za kusifia mandharinyuma yenye ukungu, kadi hawaitaji hata kwa bahati mbaya.

Sheria yangu ni moja, sina nyingine: picha ya kulipwa iandikwe kwenye kadi mbili papo hapo inapopigwa. 6D ina sloti moja, yaani tundu moja la kadi, achana nayo. Kwa hiyo milioni mbili na nusu yako tafuta Nikon D610 au D750 ya mtumba, zote zina sloti mbili za kadi aina ya SD. Ukiipata ingia kwenye menyu, maana huja imepangwa kadi ya pili isubiri ya kwanza ijae. Badilisha, picha ileile iingie kote kuwili. Ukiwa ni mtu wa Canon mpaka kufa, basi 5D Mark III, sloti moja ya CF, aina nyingine ya kadi, na nyingine ya SD. Na kila kadi mpya, hata ya bei mbaya, ipitishe kwanza kwenye H2testw, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Hizo ni programu za bure, zinaijaza kadi mpaka pomoni kisha zinaisoma upya kuona kama kilichoandikwa kipo. Kadi kubwa inaweza kula saa kadhaa. Iache ikeshe, wewe lala.

Sasa lenzi... uliuliza ya milimita 50 au ya 24-105 za Canon, sivyo? Ukichukua Nikon, hizo hazikai, swali limekufa lenyewe. Flashi nitarudi jioni, niko kwenye foleni ya Ubungo. Risiti ya hiyo kadi unayo? Kama umeitupa, ipime leo leo, halafu piga picha ya skrini utuwekee matokeo hapa.