Kabla ya kuhesabu kilomita za mto Yukon, hesabu siku za upepo

Tangu tuweke picha za safari yetu ya pili ya mto Yukon, kaskazini-magharibi mwa Canada, ndugu wengi walioko Canada na Marekani wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: kutoka Whitehorse hadi Dawson City kwa mtumbwi ni siku ngapi? Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu hata mimi nilianza na swali hilo, na jibu nililojipa safari ya kwanza nusura litupoteze mimi na mdogo wangu.

Kwa njia ya mto ni kama kilomita 715. Mto wenyewe hauna makuu, kwa maana kwamba si lazima uwe bingwa wa kafi. Sehemu nyingi ukiacha kafi ukajimiminia chai, mkondo unaendelea kukuchukua. Nilishika kalamu nikagawa: kilomita 60 kwa siku, siku 12. Siku ya 13 gari litupeleke Whitehorse, ya 14 ndege ya kurudi Edmonton. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana.

Nilichosahau ni Laberge.

Ziwa Laberge unalikuta mapema, kilomita kama 40 tu baada ya Whitehorse, mikono yako haijazoea kafi. Lina urefu wa kilomita 50 hivi, na humo hakuna mkondo wa kukubeba. Mimi nimekulia Pangani. Baba yangu alikuwa mvuvi, na kwetu upepo una kalenda: kaskazi ina miezi yake, kusi ina miezi yake, na wazee wakitazama mawingu ya alfajiri wanakwambia leo utoke au usitoke. Laberge sikuwa na mzee wa kumuuliza. Ziwa linaweza kulala kama kioo saa tano asubuhi, saa nane mchana ukakuta mawimbi yamesimama na vichwa vyeupe. Na mtumbwi wa kule si ngalawa. Hauna matengo ya kuushikilia pande mbili, ukilala, umelala.

Siku hiyo tulichelewa kuamka. Maji yalikuwa shwari. Kwa kuwa ratiba ilikuwa inatudai kilomita, sikufuata ukingo. Nilikata moja kwa moja kutoka rasi hadi rasi. Mimi nilikaa tezi, yaani nyuma, mdogo wangu omo, mbele. Upepo ulianzia nyuma yetu, na mwanzoni tukafurahi kwamba unatusukuma. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu wimbi linalotoka nyuma hulioni likikua.

"Kaka, tuingie pwani," mdogo wangu akasema.

Nikamwambia bado, tuifikie kwanza rasi ile. Aliporudia mara ya pili, alikuwa ameweka kafi chini na ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili. Ndipo nilipogeuza, na katika kugeuza tukatoa ubavu. Wimbi la kwanza liliingia nusu. La pili likatujaza. Tulibakiza kama mita 30 kufika kwenye mawe.

Nimeogelea baharini tangu sijaanza shule, lakini maji yale sikuwahi kuyajua. Pumzi ilikatika papo hapo. Nilitaka kumwita mdogo wangu, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Jaketi okozi ndilo lililoniweka juu wakati mwili unabishana na mapafu. Tukaukokota mtumbwi hadi ukingoni. Nguo kavu zilikuwa ndani ya pipa la plastiki, lile ambalo mfuniko wake unabanwa na pete ya chuma yenye mkono wa kuvuta. Vidole vyangu havikuweza kuuvuta ule mkono. Nilikuwa naviona, naviamuru, haviendi. Mdogo wangu alikaa chini kwenye mawe akaupiga kwa kisigino cha kiatu, mara nne, mara tano, mpaka ukaachia.

Baadaye ndipo nikajifunza kwamba kilichotupata kina hesabu yake. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye kwa miaka mingi amechunguza jinsi baridi inavyofanya kazi kwenye mwili wa binadamu, ana kanuni ya moja, kumi, moja. Ukiangukia maji ya baridi kali una kama dakika 1 ya kuidhibiti pumzi yako, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, na kama saa 1 kabla baridi haijakupoteza fahamu. Watu wengi huogopa ile saa. Wanaokufa, wengi wao hufa katika dakika zile za mwanzo, kwa sababu hawakuwa wamevaa jaketi. Laberge mara nyingi huwa na barafu hadi mwanzoni mwa Juni. Hata Julai maji yake si ya kuoga. Kwa hiyo jaketi okozi livaliwe, lifungwe, muda wote uko majini. Likiwa limewekwa chini ya kiti, wakati wa kulihitaji hutaweza kulivaa.

Sasa turudi kwenye swali la siku ngapi. Ushauri wangu mkubwa kuliko yote katika makala hii ni huu: kwa kila siku 4 za kupiga kafi, weka siku 1 ya akiba, na siku hiyo usiipangie kazi nyingine. Kilichotuingiza katikati ya ziwa ilikuwa ni tiketi ya ndege. Upepo ulitukuta tayari tumeshakosea. Mtu asiye na siku ya akiba hutazama mawimbi akayaona madogo, kwa sababu anahitaji yawe madogo. Safari ya pili tulipanga siku 14 za kupiga kafi na 4 za akiba. Kukodi mtumbwi kwa siku za ziada kunauma mfukoni, najua, na kuomba likizo ya wiki tatu kwa bosi si jambo jepesi. Ikiwa likizo haitoshi, fupisha mto. Ishia Carmacks, ambayo ni kama kilomita 320 kutoka Whitehorse, kuna daraja na barabara na duka. Siku 7 au 8 zinatosha kwa raha. Au likwepe ziwa kabisa: anzia Johnson's Crossing kwenye mto Teslin, ambao unaungana na Yukon pale Hootalinqua, chini ya Laberge. Kwa mtu wa mara ya kwanza, hasa mwenye watoto, mimi ningemshauri Teslin bila kusita.

Ukiamua kupita Laberge, shika ukingo mmoja na ubaki nao, karibu kiasi kwamba mtumbwi ukijaa unaweza kufika nchi kavu ndani ya zile dakika 10. Na utumie mwanga wa kule. Mwishoni mwa Juni usiku hauwi giza. Saa kumi alfajiri unaona vizuri, na mara nyingi maji yametulia. Safari ya pili tulikaa siku mbili nzima kwenye hema, ziwa linavuma. Tulipika, tulishona begi lililochanika, tulilala. Siku ya tatu tulitoka saa kumi alfajiri, na kufikia saa tano asubuhi tulikuwa tumevuta mtumbwi juu kwa siku hiyo, tukiutazama upepo ukianza.

Kuhusu vifaa, orodha ziko nyingi na sitazirudia. Sheria ya Canada inataka kila aliyemo awe na jaketi la kumtosha, kamba ya kutupia inayoelea isiyopungua mita 15, filimbi, na chombo cha kuchotea nje maji yaliyoingia. Ongeza kafi ya akiba iliyofungwa kwa kamba na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, maana mtandao wa simu huko mtoni usahau. Kitu ambacho sijakiona kwenye orodha yoyote ni hiki: nguo kavu, kiberiti na cha kuwashia moto viwe kwenye begi unaloweza kulifungua kwa vidole vilivyokufa ganzi. Begi la kukunja mdomo, lenye kishikizo kikubwa. Ukiwa nyumbani, tumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya barafu kwa dakika chache, kisha jaribu kulifungua. Sisi sasa tunafanya hivyo sebuleni kabla ya kila safari. Nguo ziwe za sufu au za nailoni. Pamba ikilowa inakuwa adui.

Chakula tulichoona kinafaa: mchele, sembe, adesi badala ya maharage (maharage yatakumalizia gesi), tende, na kashata za karanga ambazo mke wangu alizipika sinia mbili. Kashata moja ukiwa umelowa inakurudisha duniani. Dagaa tulibeba, lakini fahamu harufu yake. Huko kuna dubu weusi na wale wakubwa wa kahawia, na pua zao hazina mfano. Vyakula vyote, pamoja na dawa ya meno na sabuni, vikae ndani ya pipa lililofungwa, na pipa pamoja na jiko viwe mbali na hema, kama mita 100. Lile kopo la pilipili la kumpulizia dubu haliruhusiwi kwenye ndege, wala mitungi ya gesi, vinunue Whitehorse. Kopo liwe kiunoni, si ndani ya begi. Ukiweza, piga kambi kwenye fungu la changarawe katikati ya mto: upepo unapunguza mbu, na unaona mbali nani anakuja. Mbu wa kule hawana malaria, lakini wingi wao utakufanya uthamini koti la neti.

Baada ya Laberge ndipo mto unapoonyesha uzuri wake. Kipande cha kutoka mwisho wa ziwa hadi Hootalinqua kinaitwa Thirty Mile, maji ni ya kijani kibichi, safi hadi unaona mawe chini yakikimbia nyuma. Hapo usikimbilie. Kilomita chache baada ya kuvuka Hootalinqua sisi tuliacha kafi tukawa tunasikiliza tu.

Chini ya Carmacks kuna Five Finger Rapids, mahali ambapo maji yanakwenda kasi kati ya miamba, na watu huiogopa kuliko wanavyoogopa ziwa. Naona ni kinyume. Miamba minne inaugawa mto njia tano. Wewe unapita ya kulia kabisa. Anza kushika kulia mapema, kabla hujaiona miamba, kwa sababu ukichelewa mkondo hautakupa nafasi ya kuvuka. Ukiingia, elekeza omo katikati ya ule ulimi wa maji laini, piga kafi kwa nguvu, usiogope mawimbi mawili matatu yakirukia ndani. Ni dakika moja. Kwenye Rink Rapids, maji mengine ya kasi yanayofuata, ng'ang'ania ukingo wa kulia na utapita bila shida. Meli za mvuke zilizokuwa zikipandisha mto enzi za kukimbilia dhahabu ya Klondike zilibidi zivutwe kwa waya pale Five Finger, kwa hiyo kuteremka ni neema.

Ukiteremka zaidi unafika Minto, na hapo ndipo mahali pa kujiuliza kwa dhati, maana baada ya hapo barabara kuu inaachana na mto hadi Dawson. Mtu akiwa na homa, bega linauma, au mmegombana, tokeni Minto. Mkiendelea, pangeni siku nzima Fort Selkirk. Ni ardhi ya watu wa Northern Tutchone, waliokuwa wakikutana na kufanya biashara hapo kabla Kampuni ya Hudson's Bay haijaweka kituo mwaka 1848. Nyumba za magogo bado zimesimama, na kuna makaburi. Ingia kama unavyoingia kwa watu: usichokonoe, usiokote kitu. Hata vibanda vya kando ya mto vinavyoonekana vimeachwa vina wenyewe.

Mto White ukishaingia, Yukon hubadilika rangi ndani ya muda mfupi, ikawa kama chai ya maziwa. Ni vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu ya milimani, na majivu ya volkano. Weka sikio kwenye sakafu ya mtumbwi utasikia mchanga ukisugua, kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo. Kuanzia hapo jazeni maji kwenye vijito vya pembeni vilivyo safi, na muyachemshe kama mlivyokuwa mkichemsha mengine yote.

Jambo la mwisho, ambalo hufanywa kabla ya yote: mwachie mtu wa nyumbani tarehe mbili. Ya kwanza ni siku mnayotarajia kufika. Ya pili ni siku ambayo, asiposikia lolote, atapiga simu polisi. Kati ya hizo mbili ndimo siku zenu za akiba zinamokaa, na yeye aelewe kwamba ukimya ndani ya siku hizo maana yake ni upepo. Safari ya pili dada yetu aliziandika zote mbili kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni kwake Edmonton. Laberge ilichukua siku mbili, mvua ya Fort Selkirk ikachukua moja. Tulimpigia kutoka Dawson jioni moja kabla ya ile tarehe ya pili, mdogo wangu akiwa bado na kafi mkononi, na dada akapokea kabla simu haijaita mara ya pili.